Mshale Mmoja kwenye Wembe wa Baba Mkubwa

Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu niliamini, bila hata chembe ya shaka, kwamba jeshi la Mwingereza lilikuwa na fundi aliyekaa kwenye hema nyuma ya vita na kazi yake ilikuwa moja tu: kugonga mishale kwenye nyembe za askari. Ukiandikishwa, unapewa wembe wenye mshale mmoja. Ukifa, wembe wako unarudishwa hemani, fundi anavuta pumzi, anagonga mshale wa pili, ncha yake ikigusa ncha ya ule wa kwanza. Kwa hiyo ukiokota wembe wa jeshi popote duniani, angalia mishale. Mmoja, mwenyewe bado anaishi. Miwili, poleni sana.

Msicheke bado. Habari hiyo haikuletwa na mlevi wa sokoni. Ililetwa na Mzee Okech wa kijiji chetu karibu na Kosele, aliyekwenda vita vya Burma pamoja na Ogutu, kaka mkubwa wa baba yangu. Walitoka wawili, akarudi Okech peke yake. Siku aliyofika hakwenda hata kwao kwanza. Alikuja moja kwa moja kwa nyanya yangu, ambaye sisi tunamwita dani, akafungua leso na kutoa wembe. Baba yangu alikuwa bado mdogo lakini alikuwepo, na kila aliponisimulia alikuwa akiigiza sauti zote mbili.

"Mama, huu ni wa Ogutu."

"Na Ogutu mwenyewe?"

"Tuliachana njiani, mama. Mvua ilikuwa nyingi." Okech akageuza ule wembe. "Lakini ona hapa. Mshale ni mmoja."

Kisha akamweleza mambo ya hema na fundi. Dani akagusa ule mshale kwa kidole gumba, akainuka, akaenda kuwasha moto wa chakula. Tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kumlilia Ogutu. Simba yake, ndivyo tunavyoita ile nyumba ya kijana inayokaa karibu na lango, iliendelea kukandikwa udongo kama vile mwenyewe amekwenda sokoni kununua chumvi. Dani alipofariki, baba akaendelea kuikandika. Baba alipofariki, wembe ukawa wangu na simba ikawa yangu. "Usikubali wamzike kaka yangu akiwa hai," aliniambia. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho, ukiondoa kuniuliza kama ng'ombe wamefungwa.

Sasa nimestaafu, nimefunga kibanda Migori na kurudi Kosele, na ninaandika haya kwa ajili yenu mliobaki na kazi ya kusoma umri wa nyembe. Nyinyi mnaozunguka na pikipiki, sumaku ya kupimia shaba mfukoni, mnampigia picha mzee wa watu kabla ya kumsalimia. Najua mnaniita Daktari wa Nyembe. Udaktari wenyewe niliupata darasa la jioni, ngumbaru, kwenye benchi moja na mama muuza omena, wale dagaa wa ziwani, aliyekuwa akinishinda hesabu, na cheti changu kina muhuri mkubwa kuliko sahani. Nimekitundika ukutani. Wageni wakija watakiona. Wageni wenyewe ndio hawaji.

Nilianza kama kinyozi. Kibanda changu kilikuwa kwenye veranda ya duka la vyuma la Bwana Twahir, mtu wa Mombasa aliyekuja Migori kwa wiki mbili kuuza misumari na kubaki mpaka akazeeka. Siku yangu ya kwanza mkono ulitetemeka hivi kwamba mteja wa kwanza alitoka na ndevu nusu, akasema atarudi kwa nusu nyingine nikishakula. Hakurudi. Wa pili alikuwa mzee Mkuria kutoka Kehancha, mrefu kama nguzo ya simu, aliyekaa kitini, akakataa wembe wangu, na kutoa wake mfukoni.

Nikisema wembe hapa simaanishi ile karatasi nyembamba ya chuma mnayonunua dukani. Namaanisha mashine yake, ile yenye mpini, sahani ya chini na kifuniko, ambayo karatasi inalala katikati halafu unakaza. Ule wa mzee ulikuwa wa shaba nyeupe iliyochubuka pembeni, na nilipoufungua kuweka karatasi mpya nikaona mshale chini ya sahani. Mshale uleule. Mmoja. Nikauinua kwenye mwanga.

"Mbona umenyamaza?" mzee akauliza. "Umeuvunja?"

"Sijauvunja, mzee. Huu wembe umeutoa wapi?"

"Burma."

"Uko na mshale mmoja."

"Hata mimi niko mmoja. Nyoa."

Nilimnyoa kwa makini kama ninavyomnyoa bwana harusi, huku nikimuuliza habari za Ogutu. Hakumjua. Alisema Burma ilikuwa na watu wengi kuliko minada yote ya Kuria ikijumlishwa. Lakini mimi nilikuwa nimepata ushahidi wangu: mshale mmoja, na mwenyewe huyu hapa, mzima, anadai sabuni zaidi. Jioni ile nilipanda kitandani nikiwa na furaha ya kijinga kabisa. Baba mkubwa yuko mahali fulani, anajinyoa kwa wembe wa kuazima.

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza. Nilikuwa natafuta mtu mmoja, nikaishia kuokota nyembe. Nilianza kuwauliza wateja kama nyumbani kwao kuna wembe wa babu, na wakaanza kuleta. Wengine waliukuta kwenye paa, umechomekwa kati ya nyasi na fito, kwa sababu wembe wa marehemu hauna mtu anayeutaka usoni mwake, na pia hauna mtu mwenye moyo wa kuutupa. Baadaye yakaja maduka ya vitu vya kale ya Nairobi, wakaja na watu wanaokusanya, mmoja alitoka mbali hivi kwamba aliniambia kwao saa hizi wanalala. Hao nao walitaka kujua jambo moja: wembe huu ni wa lini? Ikabidi nijifunze.

Bwana Twahir ndiye aliyenifundisha. Siku ya kwanza alinikuta nikisugua wembe kwa mchanga na majivu mpaka unang'aa, nikiwa nimejaa fahari. Akauchukua, akautazama, akanirudishia kama mtu anayerudisha maiti.

"Wewe bwana, umefanya nini hapa?"

"Nimeusafisha, Bwana Twahir."

"Hukuusafisha. Umeuosha jina. Chuma hakisuguliwi kama sufuria ya arusi. Alama zake zote umezinywesha mchanga. Sasa huu una umri gani?"

"Sijui."

"Basi hata mimi sijui. Na yeye mwenyewe hajui tena. Hongera."

Kwa hiyo andikeni hili moyoni: maji ya vuguvugu, sabuni ya kawaida na mswaki mkuukuu. Sabuni ya kunyolea ya miaka yote ile huganda chini ya sahani ikawa ngumu kama simiti, na alama zimelala chini yake. Msitumie waya wa sufuria. Msitumie maji ya betri. Kuna kijana wa Awendo aliyetumbukiza wembe kwenye maji ya betri akaenda kunywa chai, aliporudi akakuta kijiti cha mpini peke yake.

Kabla hujasoma chochote, upime kiganjani. Wembe wa shaba tupu ni mzito, unakaa kama jiwe la mtoni. Vita vilipokaza, viwanda vikabana kila kitu: rangi nyeusi ikapakwa mahali palipostahili madini meupe, na mipini mingine ikawa ya plastiki ngumu, ile ya kitufe cha redio ya zamani. Ukikuta mwepesi, usiutupe ukidhani ni wa bandia. Huo ni wa njaa ya vita. Halafu angalia ukingo wa sahani. Wenye meno kama kitana mara nyingi ni wa zamani kuliko wenye ukingo laini, lakini nimesema mara nyingi. Viwanda navyo vilikuwa na masalio, wakatumia sahani za mwaka juzi kama mama anavyopika wali wa jana.

Mwaka, kama upo, umegongwa pamoja na mshale. Na ukifutika, chukua ile karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara, ilaze juu, kandamiza kwa gumba polepole. Karatasi itasoma kile ambacho jicho limeshindwa. Sijawahi kuvuta sigara maishani lakini nimenunua pakiti nyingi kiasi kwamba mwenye duka alinihubiria habari za mapafu. Na mkumbuke, mwaka ule ni wa wembe kuzaliwa. Hausemi ni lini ulipewa mtu. Kuna mbwa wa jeshi walioona vita zaidi ya nyembe zingine, ambazo zilimaliza vita ndani ya sanduku zimepakwa grisi.

Mwisho geuza mpini. Ukizunguka laini mpaka ukafunga, ni ndugu wa kichwa chake. Ukisaga kama unatafuna mchanga, hao wawili wameozwa kwa nguvu. Hapo Kosele niliitwa na ndugu wawili wasiosemezana, kila mmoja akiwa na wembe wa babu yao, kila mmoja akidai wake ndio wa kweli na wa mwenzake ulinunuliwa sokoni. Nilifungua wa kwanza, mpini ukasaga. Nikafungua wa pili, ukasaga. Nikabadilisha vichwa, na nyembe zote mbili zikafunga laini kama mfuniko wa jamu. Babu alikuwa na nyembe mbili, kwa wake wawili, na mahali fulani watoto walizifungua na kuzichanganya.

"Basi zote ni za kweli," nikawaambia. "Badilishaneni vichwa tu."

"Mimi nimpe kichwa changu?" akasema mkubwa.

"Naye atakupa chake."

"Chake sikitaki. Kimekaa kwake."

Nyembe zilipatana, wao la. Nilirudisha vichwa mahali pabaya kama nilivyovikuta, nikanywa chai kwa mmoja na uji kwa mwingine ili nisionekane na upande. Ndiyo kesi ngumu kuliko zote nilizowahi kuwa nazo, na ni mimi niliyetoka na tumbo limejaa.

Mtakutana pia na mishale ya uongo. Fundi yeyote mwenye patasi anaweza kuchora mshale. Lakini patasi hukata. Nyundo na muhuri husukuma. Alama ya kugongwa ina kingo zilizovimba kidogo, unazisikia kwa ukucha, na uchafu wa zamani umekaa ndani yake kwa amani. Alama ya patasi ni kali, inang'aa ndani, na kwa kawaida ina mshale ulionona kuliko afya.

Ule wa mishale miwili, ncha kwa ncha, sikuwa naufurahia. Kila ulipokuja mkononi nilikuwa nashusha sauti. Nilikuwa namuuliza aliyeuleta, "Na mzee mwenyewe?" Naye angesema, "Alishafariki." Naam! Ushahidi tena. Sikujiuliza kwamba wazee wote wa Burma sasa wamefariki, wa mshale mmoja na wa miwili na wasio na mshale kabisa, hata yule nguzo ya simu wa Kehancha. Mtu akishapenda hesabu fulani, anaihesabu vilevile kila siku, na inatoka vilevile.

Mke wangu Akinyi hakuwahi kubishana na mishale. Yeye alibishana na simba. Mwaka niliofanya biashara nzuri niliing'oa nyasi, nikaiezeka mabati. Akaja akasimama langoni, mikono kiunoni.

"Nyumba ya Ogutu iko na mabati mazuri kushinda jikoni yangu."

"Ogutu ni mgeni, mama. Atakuja amechoka."

"Na mimi nimekuja lini? Mimi si nimechoka?"

Jikoni nayo nikaiezeka, msinione vibaya. Lakini Akinyi ametangulia, na siku hizi jikoni ile haina moshi mpaka niamue mwenyewe kuwa nina njaa. Wanangu wako Nairobi, mmoja yuko Qatar, wanapiga simu Jumapili na kuniuliza kama nimekula, nami nawaambia nimekula mbuzi mzima na pembe zake. Wanacheka. Kisha simu inakatika, na ninabaki nimeishikilia sikioni kwa muda, maana nikiiweka chini sitakuwa na la kufanya na mkono.

Kwa hiyo nilikuwa na desturi. Asubuhi, kila nilipokuwa Kosele, nilikuwa nafagia simba ya Ogutu, naweka maji kwenye beseni, kisha najinyoa huko kwa kioo kidogo kilichotundikwa dirishani. Sikuwa natumia wembe wake. Wembe wake niliuweka kando ya kioo, mshale juu. Nilikuwa nazungumza naye. Nilimwambia bei ya mahindi, na barabara ya Isebania ilivyopanuliwa, ili akirudi asishangae. Kwa hesabu za kawaida angekuwa na zaidi ya miaka mia, lakini nilikuwa nimeshasikia kwamba wazee wa kule Burma hula samaki na wali asubuhi mchana jioni na hawafi mpaka waombwe. Mtu ambaye hajasemwa kuwa amekufa ni mtu unayeweza kumfagilia nyumba. Hilo halikuwa dogo kwangu. Katika boma zima lile, yeye ndiye aliyekuwa karibu nami kuliko wote.

Kisha Ouma akaja. Ouma ni mtoto wa binamu yangu, anafanya kazi ya kuchomelea vyuma Homa Bay, kijana wa adabu. Aliketi kwenye kizingiti cha simba, hakuingia.

"Baba, mke wangu amejifungua. Mvulana."

"Ee! Umeniletea mtu!"

"Lakini halali, analia tu. Na mama yake ameota. Kuna mtu amesimama hapa langoni, na kofia ya jeshi. Anauliza kama nyumba iko na nafasi."

Kwetu mtu akija kwenye ndoto namna hiyo, anaomba mtoto apewe jina lake. Lakini anayeomba jina ni marehemu. Jina la mtu aliye hai, aliyepotea tu, halimpi mtoto usingizi.

"Wazee wamekubali," Ouma akaendelea. "Tunataka kuleta yago, tumzike. Halafu mtoto aitwe Ogutu."

Yago ni lile tunda refu zito la porini, linaloning'inia kama mfuko wa mchanga. Mtu akifia mbali na mwili usirudi, tunalaza yago kaburini badala yake, tunalia, tunanyoa nywele, na mambo yanakwisha. Wazee walikuwa wameshachagua mahali, hapo upande wa kushoto wa lango. Waliyekuwa wakimngoja ni mimi, kwa sababu wembe uko kwangu na neno la baba liko kwangu.

"Umeona mshale wa pili?" nikamuuliza.

"Sasa mshale wa pili utagongwa na nani, baba? Hiyo hema si ilishafungwa?"

"Kama hema ilifungwa akiwa hai, basi alikuwa hai."

Ouma akainamisha kichwa, akachezea funguo za pikipiki yake. "Na ukienda wewe," akasema polepole, "atabaki akingojewa na nani?"

Nilimwambia nitafikiria. Nilimwambia nitafunga kwanza kibanda Migori, nimalize vyombo, halafu nitampa jibu. Aliondoka bila kuwasha pikipiki mpaka alipofika barabarani, ili asinipigie kelele. Nilirudi ndani nikafagia sakafu iliyokuwa imefagiwa tayari.

Kufunga kibanda hakukuwa sherehe. Bwana Twahir alishafariki, mwanawe anauza simu palepale, na kwenye veranda yangu wamepanga vifuniko vya simu vya rangi zote za kanga. Nilipakia nyembe kwenye masanduku ya maziwa, nikizifunga moja moja kwa vipande vya shuka. Wa Ogutu nilikuwa nimekuja nao, siku zile nilikuwa natembea nao kifuani. Niliuweka juu ya meza ili nisiupakie kwa makosa. Watu walipita, wakasema "Daktari, unahama?" wakaendelea na safari zao. Nilijiambia nikimaliza sanduku la mwisho nitakunywa soda. Nilikuwa nimeshaanza kulikawiza sanduku lile.

Ndipo akaingia mama mmoja mnene mwenye miwani, mkoba umebanwa kwapani, akapangusa kiti kwa leso kabla ya kukalia. Alisema anaitwa Robi, ametoka Kehancha, na ameambiwa hapa kuna mtu anayejua umri wa nyembe.

"Uko mbele yake," nikasema. "Kuna mmoja tu Afrika Mashariki nzima."

"Basi bahati yangu. Hii ni ya baba. Wajukuu wanataka kujua ni ya lini."

Nilifurahi kupita kiasi. Nilitoa mswaki, nikatoa karatasi ya sigara, nikaupima kiganjani. Shaba nzito, ukingo laini, mpini ukafunga bila kusaga. Nikamsomea mwaka, akaitikia kwa kichwa kwa heshima. Kisha nikageuza sahani vizuri kwenye mwanga, na pale chini ya mwaka kulikuwa na mishale miwili, ncha kwa ncha. Nikashusha sauti, kama kawaida yangu.

"Pole sana, mama. Kumbe baba hakurudi kutoka vita."

Akanitazama juu ya miwani. "Baba yupi?"

"Wako. Mwenye wembe."

"Baba yangu?" Akaanza kucheka, cheko la tumbo, mpaka mwana wa Twahir akachungulia. "Baba yangu alirudi, akaoa, akanizaa mimi na wengine sita, akanifukuza na fimbo nilipomwaga maziwa. Ni juzi tu tumemzika, uzee. Wewe nani amekuambia hakurudi?"

"Mishale," nikasema. "Ni miwili."

"Ndiyo, ni miwili. Wembe alinunua kwa mnada wa jeshi, vita vikiwa vimeisha. Alikuwa na risiti mpaka panya wakaila."

Nikakaa chini. Sikuwa nimegundua kwamba nilikuwa nimesimama. Yule mama aliacha kucheka, akavuta kiti chake karibu, na hapo ndipo alipouona wembe mwingine juu ya meza, uliolala peke yake.

"Na hii ni ya nani?"

Nikamweleza. Sijui kwa nini nilimweleza mgeni yale ambayo watoto wangu huyakatiza kwa sababu muda wa simu unaisha. Nilimweleza habari za Ogutu, na simba yenye mabati, na beseni la maji, na mtoto wa Ouma asiyelala, na yago wanayotaka kuileta. Nikamweleza hema, na fundi, na nyundo. Alisikiliza mkoba ukiwa mapajani, bila kunikatiza hata mara moja.

"Hiyo maneno ya hema," akauliza mwishoni, "nani aliwaambia?"

"Rafiki yake. Aliyeleta wembe."

"Alimwambia mama yake?"

"Ndiyo. Siku ileile aliyofika. Alipomuuliza Ogutu yuko wapi."

Mama Robi akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kitambaa, akaifuta tena. Nje mtu wa boda alikuwa akibishana na abiria juu ya mzigo wa ndizi. Kisha akachukua wembe wa Ogutu, akaugeuza kwa ukucha kama mtu anayejua pa kuangalia, akautazama ule mshale, na kuulaza tena mezani taratibu.

"Mzee wangu," akasema, "mimi nimekuwa karani wa stoo ya jeshi mpaka nikastaafu. Nilipoingia, tulikuwa bado na masanduku ya Mwingereza, na tulikuwa tunayauza. Mshale mmoja ni mali ya serikali. Ikiuzwa, unagonga wa pili, ndiyo askari wa getini asimshike aliyenunua. Nimegonga kwa hii mkono yangu, vijiko, ndoo, nyembe, kila kitu, na hakuna siku hata moja niliulizwa kama mwenye kitu yuko hai au amekufa."